Rododendroni na Udongo Wake

Katika bustani ya shule kila mwanafunzi amekwisha kuzoea kazi zake: kuchimba udongo mpaka chini, kutia samadi na majivu, kupalilia kwa jembe, kuyakusanyia mahindi udongo shinani yasianguke. Kazi hizo ni njema. Mahindi huzipenda, maharagwe huzipenda, na kabichi vilevile. Lakini uko mmea mmoja ambao ukitendewa hayo yote kwa bidii, utakufa. Hautakufa siku ile ile. Utadhoofika polepole, mwaka wa pili au wa tatu utakauka, na mwenyewe atashangaa sana, maana alifanya kazi bila uvivu. Mmea huo ni rododendroni.

Jina hili ni la Kiyunani. Maana yake ni "mti wa mawaridi", lakini mmea wenyewe si mwaridi. Ni kichaka chenye majani mazito yanayong'aa, na kwa namna nyingi majani hayo hayapukutiki hata wakati wa theluji. Maua hutoka mwishoni mwa matawi, mengi pamoja katika kishada kimoja: mekundu, meupe, ya zambarau, hata ya manjano. Namna za rododendroni zafika kama 1000. Nyingine hazipiti goti la mtu. Nyingine ni miti kweli, kama ile yenye maua mekundu ya milima ya Nepal, ambayo ua lake limekuwa ua la taifa katika nchi ile. Azalea, ambazo watu wa Ulaya huzipanda katika vyungu na kuziweka dirishani, nazo ni rododendroni. Wauzaji hutumia majina mawili, lakini ukoo ni mmoja.

Kwao hasa ni milima ya Himalaya na Uchina ya kusini-magharibi. Mwingereza Joseph Dalton Hooker alitembea katika milima ya Sikkim tangu mwaka 1848, akatuma mbegu nyingi Uingereza. Kazi yake haikuwa ya raha: mwaka 1849, baada ya kuvuka mpaka wa Tibet pamoja na mwenzake, walikamatwa na wakuu wa Sikkim wakafungwa majuma kadhaa. Baada yake Padri Delavay, Mfaransa, alikaa miaka mingi Yunnan, katika Uchina. Alipanda milima kwa miguu, akakausha majani na maua katika karatasi, akatuma Paris vipande vya mimea zaidi ya 200,000. Alifariki huko huko Yunnan mwaka 1895. Rododendroni moja yenye maua mekundu yaitwa kwa jina lake mpaka leo.

Watu hao waliandika vema mahali walipoikuta mimea yao. Mara nyingi ni mahali pale pale: milimani penye mvua nyingi na ukungu, mtelemkoni ambapo maji hayatuami, chini ya miti mirefu, juu ya tabaka la majani yaliyooza. Mwenye kutaka kupanda rododendroni nyumbani kwake akumbuke picha hiyo, maana kazi yote ya bustani inatoka humo.

Katika Afrika hakuna hata rododendroni moja ya pori. Lakini ndugu zake wapo, na wako karibu. Anayepanda mlima Ruwenzori, akipita mita 3000, anaingia katika msitu wa ajabu: miti imepindapinda, majani yake ni madogo kama sindano, matawi yamevaa ndevu ndefu zinazochuruzika maji. Miti hiyo ni erika. Iko pia juu ya milima ya moto ya Virunga, na juu ya Kahuzi. Wataalamu wa mimea wameziweka erika na rododendroni katika jamaa moja, iitwayo Ericaceae, na desturi za jamaa ni moja: udongo mweusi, mwepesi, wenye maji mengi yapitayo bila kusimama, na tena mchachu. Neno hili la mwisho ndilo kubwa.

Udongo mchachu ni udongo wa namna gani? Kila udongo una tabia yake. Mwingine una uchachu ndani yake, kama vile ndimu au siki, ingawa ulimi hauwezi kuutambua. Mwingine una chokaa. Wataalamu hupima jambo hili kwa hesabu iitwayo pH. Hesabu 7 ni katikati. Chini ya 7 udongo ni mchachu. Juu ya 7 unaelekea upande wa chokaa na majivu. Rododendroni hutaka udongo wa kati ya 4.5 na 6. Chai inayolimwa katika milima ya Kivu nayo hupenda udongo mchachu, ingawa si ya jamaa hiyo. Mahali chai inapostawi, rododendroni isingeukataa udongo.

Sasa twende Ubelgiji, kwa sababu nchi ile ina udongo wa namna zote mbili, tena ina mafundi wakubwa wa kazi hii. Karibu na mji wa Gand udongo ni mchanga, laini, mwepesi kuutia majani yaliyooza. Mwanzoni mwa karne ya 19 mwoka mikate mmoja wa Gand, jina lake Mortier, alianza kuchukua vumbi la ua la azalea moja na kulitia katika ua la nyingine, akapanda mbegu zilizozaliwa, akapata azalea mpya zenye kuvumilia baridi nje ya nyumba. Mwoka mikate, si mwalimu wa chuo! Baadaye Louis Van Houtte alifanya vitalu vikubwa Gentbrugge, na sifa ya maua ya Gand ikaenea Ulaya yote. Mpaka leo azalea za sehemu zile husafirishwa mbali.

Lakini ukienda Dinant, katika bonde la mto Meuse, unaona majabali ya chokaa yamesimama juu ya mto kama ukuta. Mahali pengi katika bonde lile udongo umekaa juu ya mawe hayo.

Tuseme mtu wa Dinant amefika Gand mwezi wa 5, akaona rododendroni imefunikwa na maua hata majani hayaonekani. Akainunua, akaipeleka kwake. Alichimba shimo refu kama la kupandia mgomba, akatia samadi mbichi chini, akakipanda kichaka, akaukusanyia udongo kwenye shina na kuushindilia kwa miguu. Mwaka wa kwanza mambo yalikuwa mazuri, maana mizizi ilikuwa bado ndani ya donge la udongo wa Gand. Mwaka wa pili majani yakawa ya manjano, lakini mishipa yake ilibaki ya kijani, kama vile mtu ameichora kwa kalamu. Yule mtu akasema: "Mti wangu una njaa." Akaleta majivu ya jiko. Majani mapya yakatoka madogo, karibu meupe. Mwaka wa tatu akaung'oa, akautupa motoni, akamlaumu muuzaji.

Je, muuzaji alikuwa na kosa? Hapana. Rangi ya kijani ya jani haifanyiki bila chuma kidogo. Katika udongo wa Dinant chuma kimo, lakini chokaa kimekifunga, hakiyeyuki katika maji, na mzizi hunywa tu kile kilichoyeyuka. Ni kama ghala lililojaa mahindi na mlango umefungwa kwa kufuli: watu watakufa njaa mbele ya chakula. Majivu nayo yana tabia ile ile ya chokaa. Yule mtu alikuwa akiongeza kufuli juu ya kufuli.

Kwa hiyo kazi ya kwanza si kununua wala kuchimba. Kazi ya kwanza ni kuuliza udongo. Chukua udongo mkavu kijiko kimoja, umwagie siki. Ukichemka na kutoa povu, una chokaa nyingi, nawe usipande rododendroni hapo. Usipotoa povu, si hakika bado. Tafuta dawa ya kupimia pH, huuzwa kwa bei ndogo. Tena chungulia bustani za jirani. Ua liitwalo hortensia huwa la buluu katika udongo mchachu na la waridi katika udongo wa chokaa. Namna nyeupe tu haisemi kitu. Jirani wote wakiwa na hortensia za waridi, hiyo ni habari ya bure.

Kama udongo una uchachu kidogo usiotosha, unaweza kuusaidia kwa unga wa salfa, polepole, kwa miezi mingi. Lakini kama mawe ya chini ni chokaa, usijisumbue: kila mvua italeta chokaa nyingine. Huko ni afadhali kupanda rododendroni fupi katika pipa lenye matundu chini, lililojazwa udongo usio na chokaa. Kichaka cha pipani huishi miaka mingi kikinyweshwa vizuri.

Baada ya udongo, mizizi. Hapa ndipo wengi hukosea, hata mahali penye udongo mwema. Mizizi ya mwembe hushuka chini kama misumari. Mizizi ya rododendroni haishuki. Ni myembamba kama nywele, imesukana kama mkeka, na sehemu yake kubwa hukaa katika sentimita 30 za juu. Ndani ya vijizizi hivyo huishi kuvu ndogo sana isiyo adui; inakisaidia kichaka kupata chakula katika udongo maskini, nacho kichaka huilisha. Basi shimo liwe pana, si refu. Uso wa donge la mizizi uwe sawa na uso wa udongo, au upande juu kidogo, usifunikwe hata sentimita tano. Mizizi iliyozikwa hukosa hewa, huoza. Mahali pa udongo wa mfinyanzi, ambapo maji husimama, mafundi hawachimbi kabisa. Hufanya tuta la udongo mwepesi na majani yaliyooza, wakapanda juu yake.

Kabla ya kupanda, shika donge la mizizi mkononi. Mara nyingi limekaa kitaluni muda mrefu, limekauka katikati. Donge kavu la namna hii halipokei maji: mvua hulipita pembeni, na kichaka hufa kwa kiu katikati ya udongo uliolowa. Dawa ni rahisi. Lizamishe katika ndoo ya maji ya mvua mpaka mapovu yaishe. Kisha fungua mizizi ya nje kwa vidole, ielekee nje, isije ikaendelea kuzunguka kama kamba.

Zamani wapandaji walitia peti nyingi shimoni, yaani udongo wa kinamasi uliofanywa na mimea isiyooza kabisa. Siku hizi watu wengi wanaiacha, kwa kuwa vinamasi vikikatwa na kukaushwa huharibika, na hewa mbaya iliyofungwa humo huenda angani. Watoto wa Kongo wana sababu ya kulisikia jambo hili: mwaka 2017 wataalamu walitangaza kwamba katika bonde la kati la Kongo kuna vinamasi vya peti vya kilomita za mraba zaidi ya 140,000. Kwa bustani, majani ya mwaloni yaliyooza mwaka mzima, pamoja na magome ya msonobari yaliyopondwa, yatosha.

Mahali pa kupanda pawe na kivuli chepesi, chini ya misonobari au mialoni iliyo mbali mbali. Mti wenye mizizi ya juujuu haufai kuwa jirani, maana utamnyang'anya mdogo wake maji yote. Ulaya kuna jambo jingine la kuangalia. Katika majira ya kuchipua, baridi ya usiku hugandisha maji ndani ya matumba ya maua. Jua la asubuhi likiyapiga ghafula, matumba huharibika na kuwa meusi. Yakiyeyuka polepole kivulini, mara nyingi hupona. Kwa hiyo usikipande kichaka kinachochanua mapema mahali panapopokea jua la mashariki.

Utunzaji wenyewe ni mdogo kuliko watu wanavyodhani. Jembe liwekwe mbali kabisa: pigo moja la jembe hukata mizizi ya miezi mingi. Magugu yang'olewe kwa mkono. Chini ya kichaka hutandazwa majani makavu, sindano za misonobari au magome, kimo cha sentimita tano mpaka nane, bila kugusa shina. Tandiko hilo huzuia magugu, hutunza unyevu, na likioza huwa chakula. Mbolea kidogo katika majira ya kuchipua yatosha, tena ile isiyo na chokaa. Samadi mbichi huunguza.

Maji ni habari nyingine. Kuanzia mwezi wa 7 kichaka huanza kufanya matumba ya maua ya mwaka ujao. Kikipata kiu wakati huo, mwaka ujao maua ni machache, na mwenyewe atatafuta sababu asiione, kwa kuwa amekwisha kusahau kiangazi kilichopita. Maji bora ni ya mvua, yaliyokingwa katika pipa chini ya bati. Maji ya bomba katika nchi ya chokaa yana chokaa. Tazama tu ndani ya birika la kuchemshia chai kama lina ukoko mweupe. Hata hivyo, pipa likiwa tupu na jua kali, nywesha maji ya bomba kwa siku chache. Kiu huua upesi kuliko chokaa.

Maua yakinyauka, vishada vyake vivunjwe kwa vidole kabla ya kufanya mbegu, ili nguvu iende kwenye matawi. Fanya polepole, kwa maana machipukizi mapya yako chini kabisa ya kishada, tena ni laini.

Wakati wa baridi kali majani ya rododendroni hulegea, hujikunja kama sigara. Mgeni hudhani kichaka kimekufa. Hakijafa, kinajikinga, siku ya joto majani yatafunguka. Bali yakilegea wakati wa joto ingawa udongo umelowa, hiyo ni alama mbaya: mizizi inaoza. Kingo za majani zikiwa na mapengo kama meno ya msumeno, kuna mdudu mweusi anayekula usiku. Mapengo hayo si hatari kubwa. Hatari ni funza wake weupe walio chini, wanaokula mizizi. Na matumba yakikauka, yakawa ya kahawia na kuota vinywele vyeusi, yakatwe na kuchomwa moto, kwa sababu yana ugonjwa wa kuvu.

Pengine mtu husema: "Rododendroni yangu ilikuwa nyekundu, sasa imegeuka ya zambarau." Haikugeuka. Kitaluni tawi la namna nyekundu lilipachikwa juu ya shina la rododendroni ya pori, ya zambarau, yenye nguvu. Shina lile lilichipua kutoka chini. Mwenye bustani akafurahia matawi mapya, na yale ya pori yakaisonga nyekundu mpaka ikafa. Machipukizi ya chini yang'olewe yangali madogo.

Rododendroni hiyo ya pori, iitwayo ponticum, imeleta taabu katika nchi nzima. Ililetwa Uingereza katika karne ya 18 kwa ajili ya uzuri wake. Ikatoroka bustanini. Katika misitu ya Killarney, Ayalandi, imefunika ardhi kwa kivuli kizito hata miche ya mialoni haioti, na watu wameikata kwa miaka mingi bila kuimaliza, maana mbegu zake ni kama vumbi na upepo huzibeba.

Jambo la mwisho ni la wenye mifugo. Majani na maua ya rododendroni yana sumu. Mbuzi au kondoo akivunja ua na kula majani, hutapika, hulegea, naye aweza kufa. Hata asali ya maua ya namna fulani hulevya. Karibu na mwaka 400 kabla ya Kristo askari wa Kiyunani walipita karibu na Bahari Nyeusi, katika Uturuki ya leo, wakakuta mizinga mingi. Walikula asali, wakatapika, wakashindwa kusimama. Wengi walilala chini kama baada ya kushindwa vitani. Mkuu wao Ksenofoni aliandika kwamba hakuna aliyekufa, na baada ya siku tatu au nne waliinuka tena. Huko Uturuki asali hiyo bado inajulikana, nao huiita asali ya wazimu. Basi kichaka kipandwe mbali na zizi, na matawi yaliyokatwa yasitupwe mahali mbuzi wanapopita.

Maulizo

1. Kwa nini majivu husaidia kabichi na kudhuru rododendroni?
2. Kichaka cha mtu wa Dinant kilikuwa kizuri mwaka wa kwanza. Kwa nini?
3. Mizizi ya rododendroni iko namna gani? Kwa hiyo shimo liweje?
4. Mvua imenyesha, lakini kichaka kilichopandwa juzi kinakauka. Utatazama nini kwanza?
5. Leteni darasani udongo wa bustani, udongo wa msituni, na majivu, kila kimoja katika kibakuli chake. Mwagieni siki. Andikeni mnachokiona.